KULABU IMEPANDISHWA, LAWAMA IMEMSHUKIA DEREVA



Katika mavuno ya mwaka jana, kwenye shamba moja la miwa huku magharibi, trekta ilisimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi aliyeona nyoka. Ilikuwa ikivuta trela iliyojaa miwa, ikipanda kutoka katika kivuko cha mto, na tope limeshika magurudumu. Dereva aliongeza mafuta, magurudumu ya mbele yakaondoka chini, na trekta ikalala chali. Dereva aliruka upande, Mungu akamnusuru. Tanboi aliyekuwa amesimama juu ya ulimi wa trela hakupata bahati hiyo. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na hadi leo atembea kwa fimbo.

Siku ya tatu dereva alipewa barua. Barua ilisema ni uzembe wake. Ilisema pia kwamba gharama ya usukani na boneti itakatwa katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi mpaka iishe. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kulabu.

Basi sisi wa kamati ya tawi tulikwenda kuitazama kulabu hiyo. Tulichukua kamba ya kupimia, kalamu na daftari, tukapima mbele ya nyapara na mbele ya fundi wa gereji, ili asiseme mtu kwamba tumetunga. Kutoka chini hadi katikati ya kulabu tulipata sentimeta 90. Kutoka chini hadi katikati ya ekseli ya nyuma tulipata sentimeta 78. Maana yake, trela ilikuwa ikivutwa kutoka mahali palipo juu ya ekseli. Mahali pa kuvutia palipotengenezwa kiwandani, ile drobaa ya chini, palikuwapo bado, sentimeta 50 kutoka ardhini, pamejaa kutu kwa kutotumiwa.

Ndugu, twataka kila mwanachama alielewe jambo hili barabara, awe dereva, tanboi au mkata miwa, maana wakubwa wanategemea kwamba hatulielewi.

Kulabu ile haikupanda yenyewe. Shamba lilinunua trela za bei nafuu, zilizotengenezwa kwa chesisi za malori ya zamani. Chesisi ya lori imekaa juu, na pete ya trela zile ilikuwa sentimeta 90 kutoka chini, nazo drobaa za matrekta ni sentimeta 50. Zilipofungwa pamoja, trela ikainama mbele sentimeta 40 nzima. Miwa ikamwagika upande wa dereva. Ulimi ukachimba udongo kila mtaro. Na hapa tuseme kweli: ni sisi wenyewe tuliolalamika. Madereva walikwenda gereji wakasema trela imeinama, na haki walikuwa nayo. Lakini tazama dawa waliyopewa. Fundi aliambiwa achukue vipande vya chuma, avichomee nyuma ya trekta mpaka vifike urefu wa pete, na kazi ikaisha kwa mchana mmoja. Trela ikalala sawa. Meneja akapita, akatazama, akaridhika.

Sasa tueleze ubaya wake, na msomaji atuvumilie kidogo kwa hesabu.

Injini ya trekta huzungusha magurudumu ya nyuma. Magurudumu yakishikwa na tope yasizunguke, nguvu ile haipotei: yageuka kuuzungusha mwili wa trekta wenyewe kwenye ekseli, pua juu. Trela ikivutwa kutoka chini ya ekseli, mzigo unaokataa kuja waivuta trekta nyuma kwa chini, na hivyo wasaidia kuibakiza pua ardhini. Ikivutwa kutoka juu ya ekseli, mzigo ule ule waishika trekta begani na kuiangusha chali. Mtoto akitaka kumwangusha mwenzake kwa nyuma hamshiki kifundo cha mguu, humshika shingo.

Tuliandika hesabu hii ubaoni katika mkutano wa tawi, na yeyote aweza kuirudia nyumbani. Chukua trekta ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana meta 2, na uzito ulioegemea mbele ni kilo 1,000. Trela imekwama, na trekta yavuta kwa nguvu ya kilo 1,000. Ikivuta kutoka sentimeta 50, zidisha 1,000 kwa nusu meta, ugawanye kwa meta 2: kilo 250 zimeondoka mbele. Tena ulimi wa trela wenyewe wagandamiza kulabu, tuseme kwa kilo 1,000, na kulabu iko sentimeta 80 nyuma ya ekseli: zimeondoka kilo 400 nyingine. Mbele zimebaki kilo 350. Si nyingi, lakini usukani bado wasikia.

Pandisha kulabu mpaka sentimeta 90. Mvuto ule ule sasa waondoa kilo 450 badala ya 250. Toa na zile 400 za ulimi. Mbele zimebaki kilo 150, na hapo tupo bado mahali palipo tambarare. Ukianza kupanda kingo za mto, uzito wa trekta yenyewe warudi nyuma. Ukiingia shimoni, mvuto wazidi kwa ghafula. Hizo kilo 150 hazitoshi hata kuilipia safari ya kwanza.

Wataalamu wa matrekta wamepima muda wa trekta kupinduka kwa nyuma, nao wasema ni kama sekunde moja na nusu tangu pua iinuke mpaka yote yaishe, na kwamba ikishapita nusu ya muda huo, hata ukikanyaga klachi hairudi. Bwana aliyeandika barua ya uzembe ajaribu kuhesabu moja, mbili, akiwa amekaa kitini kwake. Kabla hajafika mbili dereva amekwisha kufa. Na matrekta yale hayana nguzo za kumkinga dereva ikipinduka. Yalikuja nazo kutoka kiwandani. Ziling'olewa kwa sababu zilikwaruza matawi ya miti njiani na kwa sababu zilionekana zafaa kwa ujenzi wa banda la kuku.

Wakubwa wametujibu kwa maneno haya: "Trela sasa imelala sawa, ninyi wenyewe mlitaka hivyo, sasa mwataka nini tena?" Jibu hili lastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Ni kweli kwamba trela yatakiwa ilale sawa. Ikiinama mbele, mzigo wasogea mbele, ulimi waigandamiza mno trekta au gari linalovuta, na kwa trela ya ekseli mbili tairi za ekseli ya mbele ndizo zinazobeba na kupasuka. Pete nayo hailali katika kulabu ilivyokusudiwa. Yajibana upande mmoja na kuila pini. Ikiinuka mbele, mambo yageuka kuwa mabaya kwa njia nyingine. Mzigo mrefu kama miwa warudi nyuma. Tulipima hili pia: trela ambayo pete yake iko meta 4 mbele ya ekseli, ikiinuliwa mbele sentimeta 30, na kitovu cha uzito wa miwa kikiwa meta 1 na sentimeta 20 juu ya ekseli, mzigo warudi nyuma sentimeta 9. Kwa kilo 8,000 za miwa hilo laondoa kilo 180 katika ulimi. Ulimi ukiwa mwepesi, trela yaanza kutikisa mkia barabarani, na magurudumu ya nyuma ya trekta yakosa kushika ardhi kwenye mteremko, mahali yanapohitajiwa kwa breki.

Basi usawa twautaka, na tutaendelea kuudai. Lakini trekta na trela hazikutani kwa kuipandisha trekta. Zakutana kwa kuishusha trela. Drobaa ya trekta imewekwa pale chini na watu waliofanya hesabu kama tulivyofanya sisi, tena kwa miaka mingi na kwa vyombo bora kuliko ubao wetu. Kinachobadilishwa ni ulimi wa trela: utengenezewe shingo ya kushuka, au bamba lenye matundu kadhaa ambalo pete hufungwa kwa bolti, juu au chini, kulingana na trekta iliyopo siku hiyo. Trela nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya shamba zaja na bamba hilo tangu mwanzo. Ni kazi ya chuma na bolti za nguvu zinazostahili, iliyochorwa na mtu ajuaye, si ya vipande vilivyookotwa nyuma ya gereji na kuchomewa kwenye nyumba ya ekseli. Shingo yenyewe ikichomewa vibaya ni hatari nyingine tu, kwa hiyo hatusemi fundi aanze kesho asubuhi bila mchoro. Kama chesisi ya lori haiwezi kushushwa, basi haikufaa kununuliwa. Bei nafuu ile ilikuwa nafuu kwa nani?

Tumwachie fundi neno moja la haki. Yeye hakukosa peke yake. Aliamriwa, na aliyemwamuru hakuuliza hata urefu wa ekseli. Kijana yule ni mwanachama mwenzetu, na walioanza kumtupia maneno pale kantini waache. Twataka kujua nani alitia sahihi ya kununua trela bila kupeleka mtu kuzipima.

Pia tujisute. Tanboi hastahili kusimama juu ya ulimi wa trela inayokwenda. Hilo twalijua sote na twalifanya sote, kwa sababu trela haina mahali pengine pa kukaa na kwa sababu nyapara ataka tanboi afike kivukoni pamoja na trekta, si baada yake. Lakini hata hivyo twalifanya. Vilevile kuna madereva wanaojivunia kwamba wao waweza kuirudisha chini trekta iliyokwisha kuinua pua. Tumewasikia. Mmoja alituonyesha kwa mikono jinsi anavyofanya. Ndugu, mwenye kulipwa kwa safari ataka safari nyingi, na sisi hatumlaumu mtu kwa kutafuta chakula cha watoto, lakini majivuno hayo ndiyo yanayomwezesha meneja kusema, "Mbona fulani anaivuta kila siku na haanguki?"

Habari hii si ya matrekta peke yake. Kuna pikapu za idara ya maji na za kandarasi zinazovuta matangi na jenereta. Huku wenye pikapu wamependa kuziinua na kuzitia tairi kubwa za matope, na kile kichwa cha duara cha kuvutia trela kimepanda pamoja nazo. Sheria za Ulaya kwa magari madogo zataka katikati ya kichwa hicho pawe kati ya sentimeta 35 na 42 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo wake, na trela nyingi ndogo zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Sisi tulipima pikapu moja tukapata 60. Tangi la maji lililofungwa nyuma yake lilikuwa limeinua pua kama mtu anayetafuta mvua. Pikapu kama hiyo dawa yake ni bamba la kushukia, linalouzwa likiwa tayari, maana gari dogo halipinduki chali kama trekta. Lakini lipimwe gari likiwa limepakiwa, maana springi za nyuma hushuka likibeba watu na saruji, na kipimo cha gari tupu chadanganya. Tena tazameni ukubwa wa kichwa chenyewe. Kuna cha milimeta 50 na kuna cha inchi 1⅞, ambacho ni kama milimeta 47.6. Kwa macho ni kimoja. Kikombe cha 50 kikifungwa juu ya kichwa kidogo, kitakaa, kitafungika, na kitachomoka kwenye tuta la kwanza la barabara. Namba imechongwa juu ya kichwa. Futeni grisi msome.

Sasa turudi kwa ile barua ya uzembe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu ambapo mfanyi kazi alikosa kwa makusudi, na hata hapo iwe kiasi cha haki. Kwa makusudi, ndugu. Nani alifanya jambo kwa makusudi hapa: dereva aliyepewa trekta asubuhi ikiwa imekwisha fungwa, au aliyeagiza chuma kichomewe juu ya ekseli? Kifungu cha 41 cha sheria hiyo chasema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, aelezwe kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe. Dereva wetu alipewa karatasi ya Kiingereza kupitia dirishani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007 pia, kifungu cha 14, yamtaka mfanyi kazi anapoona hatari kubwa amwarifu mkubwa wake, na yasema asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe, wala asifutwe wala kuonewa kwa sababu ameondoka. Wazee wetu hawakuwa na neno kama hilo. Sheria ya Viwanda ya zamani, iliyoanza kutumika mwaka 1951, iliangalia kiwanda; ilikuwa mwaka 1990 tu jina lake lilipoongezwa maneno "na mahali pengine pa kazi". Leo shamba ni mahali pa kazi na kivuko cha mto ni mahali pa kazi. Na penye watu 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama yenye wafanyi kazi ndani yake. Katika shamba tunalolisema kamati ipo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na wawili katika waliotajwa wamekwisha kustaafu.

Tanboi naye asiambiwe kwamba alisimama mahali pabaya, basi hana kitu. Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007 haimtaki kwanza athibitishe kosa la mwajiri. Aliumia kazini. Fomu yake ijazwe.

Tumeambiwa kwamba kuzishusha pete za trela zote kutasimamisha mavuno. Si kweli. Trela moja moja yaweza kuingia gereji usiku, na zile ambazo hazijarekebishwa zivute njia za tambarare tu, zisishuke mtoni. Tumeambiwa pia kwamba chama chajifanya mhandisi. Hatujifanyi. Tumepima kwa kamba ya shilingi chache, kazi ambayo mhandisi mwenye gari la kampuni angeifanya kabla ya chai ya saa nne. Angeifanya, tusingaliandika haya.

Madai yetu tuliyoyapeleka ofisini ni haya, na twayaandika hapa ili asije mtu akasema tulidai kingine. Vyuma vyote vilivyochomewa juu ya ekseli vikatwe kabla trekta yoyote haijashuka tena kivukoni. Kila trekta na kila trela iandikwe kwa rangi urefu wa kulabu au pete yake kwa sentimeta, na karani wa zamu asiandike safari kama namba hizo haziendani. Kipimo kichukuliwe mahali palipo sawa, trela ikiwa imelazwa kwa jeki na pimamaji, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, na kirudiwe kila tairi za ukubwa mwingine zikifungwa. Nguzo za kumkinga dereva zirudishwe, hata zile zilizo katika banda la kuku. Barua ya uzembe ifutwe, na fedha zilizokwisha katwa zirudishwe zote. Tanboi alipwe.

Wakubwa wameomba siku 14 za kufikiri. Tumewapa saba, kwa kuwa mvua haitawangoja. Katika siku hizo saba kila dereva apime trekta yake na trela yake kabla ya kutoka yadi, aandike namba mbili, tarehe na saa, na tanboi wake atie sahihi kama shahidi. Akikuta kulabu iko juu ya ekseli, amwarifu nyapara kwa maandishi, abaki na nakala, na asishuke mtoni. Atakayetishwa kwa sababu hiyo aje tawini siku ile ile, asingoje mwisho wa mwezi. Karatasi za kuandikia vipimo ziko kwa katibu wa tawi, na kamba za kupimia zipo sita. Zarudishwa jioni.